Kwa Nini Mgeni Hafanikiwi Katika Biashara ya Mtandao

Naomba nafasi katika kurasa zetu za Kiswahili niseme juu ya jambo ambalo huzungumzwa sana bwenini usiku, walakini sijaona mtu aliyeliandika. Jambo lenyewe ni ile kazi iitwayo biashara ya mtandao. Wengine huiita biashara ya ngazi, nami naona jina hili la pili lafaa zaidi, maana neno mtandao huwafanya wazee wetu wadhani ni mambo ya simu na kompyuta tu, kumbe simu ni chombo cha kuitia watu, si biashara yenyewe.

Wasomaji wengi wa gazeti hili ni wanafunzi wa zamani, na haya nayaandika kwao hasa. Kila mwaka darasa la mwisho linapokaribia mitihani, hutujia Jumapili ya wageni baadhi ya kaka zetu waliotutangulia. Huja wamevaa vizuri, tai shingoni hata katika joto hili la ziwani, na mkoba uliojaa vitabu vya picha. Sisi hufurahi, kwa kuwa mtoto wa shule hupenda kumwona aliyekalia dawati lake amekuwa mtu. Lakini baada ya salamu hawaulizi habari za masomo wala za timu ya mpira. Huuliza, "Ukimaliza shule utafanya nini? Kazi ya serikali hakuna. Je, hutaki kujitegemea na kuwa tajiri ukiwa bado kijana?" Kisha hufungua mkoba.

Swali nitakalo kulijibu ni hili: kwa nini watu wapya wanaoingia katika biashara hiyo hupata taabu, na wengi wao hutoka na hasara? Jibu la kaka zetu twalijua kwa moyo. Husema mtu mpya hushindwa kwa uvivu, au kwa haya, au kwa kukata tamaa upesi. Nimelisikiliza jibu hilo mara nyingi na naona si kweli. Nasema mgeni hushindwa kwa sababu fedha ya biashara hiyo hutoka kwake yeye. Katika biashara nyingine mgeni ni mshindani. Katika hii mgeni ndiye samaki.

Nieleze kwanza kwa ajili ya wadogo zetu wa madarasa ya chini. Kampuni ina bidhaa zake: majani ya chai, vidonge vya kuongeza nguvu, dawa ya meno, sabuni, mafuta ya kujipaka. Bidhaa hizo haziuzwi dukani. Mtu akitaka kuziuza hununua kifurushi cha kuanzia, na akisha kununua jina lake huandikwa chini ya yule aliyemleta. Naye hutafuta watu wake, wakaandikwa chini yake, na hao hutafuta wao. Kila mmoja akinunua, sehemu ya fedha hupanda kwa aliyemleta, na sehemu nyingine kwa aliyemleta huyo, hivyo hivyo ngazi juu ya ngazi. Huhesabu kwa pointi. Tena mara nyingi kuna sharti la kununua kiasi fulani kila mwezi ili mtu "awe hai". Asiponunua mwezi huo, hata kama walio chini yake wamenunua, hapati kitu au hupata pungufu. Msomaji alikumbuke sharti hili, maana nitalirudia.

Jambo hili si la jana. Lilianza Marekani katika jimbo la California mwaka 1945, kampuni ya vidonge vya vitamini iitwayo Nutrilite ilipoanza kuuzwa bidhaa zake kwa njia hii. Wauzaji wake wawili, Rich DeVos na Jay Van Andel, wakaanzisha kampuni yao Amway mwaka 1959. Serikali ya Marekani iliishtaki Amway, na mwaka 1979 tume inayosimamia biashara katika nchi ile ikaamua kwamba Amway si mchezo haramu wa piramidi. Kwa nini? Kwa sababu ilikuwa na kanuni zake. Muuzaji alitakiwa kuuza walau asilimia 70 ya bidhaa alizonunua mwezi ule ndipo apate bonasi yake. Alitakiwa kuonyesha kwamba ameuza kwa wateja kumi kila mwezi. Na mtu akitaka kutoka, bidhaa zake zisizouzwa zilikuwa na mahali pa kurudishwa. Hata hivyo tume iliikemea Amway kwa kutia chumvi habari za mapato.

Ningependa kaka zetu wazitazame kanuni hizo vizuri, hasa ile ya wateja kumi. Maana yake ni kuuliza: nje ya ngazi zenu, yuko nani anayenunua? Kama yupo, hiyo ni biashara, iwe nzuri au mbaya. Kama hayupo, ni watu wanaozungusha fedha zao wenyewe, na aliye juu huchota.

Sasa tuingie katika hesabu, kwa kuwa hesabu haivai tai. Huambiwa, "Lete watu watano tu, na kila mmoja wao alete watano. Ni kazi ndogo." Haya basi. Mtu wa kwanza ana 5. Hao wana 25. Kisha 125, kisha 625, kisha 3,125, kisha 15,625, kisha 78,125, kisha 390,625, kisha 1,953,125, na ngazi ya kumi ni watu 9,765,625. Ukiwajumlisha wote pamoja na yule wa kwanza utapata 12,207,031. Burundi nzima ina watu wapatao milioni 12, ukimhesabu mtoto aliyezaliwa jana na bibi kizee asiyeona. Ngazi kumi tu, na nchi imekwisha. Anayeingia baada ya hapo atalazimika kumwandikisha kiboko wa Rusizi.

Lakini hilo la nchi kuisha si ndilo linaloniudhi zaidi. Tazama ngazi ya mwisho: katika kila watu watano, wanne wako huko, na hawana mtu yeyote chini yao. Wala usidhani ni kwa sababu tumefika mbali. Simamisha hesabu mahali popote upendapo. Ngazi ya pili jumla ni 31, na walio chini kabisa ni 25. Ngazi ya tatu jumla ni 156, na walio chini kabisa ni 125. Siku zote ni wanne katika watano. Hata kama wote wangefanya kazi kama mchwa, wasilale, wasione haya, wasikate tamaa, bado wanne katika watano hawana mtu.

Rafiki yangu mmoja, ambaye ni hodari wa hesabu kuliko mimi, alinipinga akisema kwamba watu hawajipangi watano watano; mmoja huleta ishirini na mwingine haleti hata mmoja. Ni kweli, nami nilimshukuru, maana alinipa hoja yenye nguvu zaidi. Kila mtu aliyemo, isipokuwa yule wa kwanza kabisa, aliletwa na mtu mmoja. Basi idadi ya walioletwa ni idadi ya watu wote ukitoa mmoja. Ukigawa kwa watu wote, wastani wa kuleta haufiki hata mtu mmoja kwa kila mtu. Akitokea shujaa aliyeleta ishirini, ni lazima wawepo wengi walioleta sifuri, hapana njia nyingine. Yule anayesimama semina na kusema "hata wewe waweza kuwa kama mimi" anaweza kumwambia mtu mmoja hivyo na ikawa kweli. Hawezi kuliambia bwalo zima.

Na kaka zetu wasiseme hizi ni hesabu za ubaoni tu. Mwezi wa Septemba 2024 wafanyakazi wa tume ile ile ya Marekani walichapisha uchunguzi wa taarifa za mapato za kampuni 70 za namna hii, taarifa zilizoandikwa na kampuni zenyewe. Waliona kwamba washiriki walio wengi walipata dola 1,000 au chini ya hapo kwa mwaka, na taarifa hizo kwa kawaida hazikutoa gharama za muuzaji mwenyewe. Hiyo ni nchi tajiri, yenye watu mamia ya milioni wa kuuziwa.

Turudi hapa kwetu Minago, ambapo watu si mamia ya milioni. Mji wetu uko kati ya milima na maji, barabara ya Rumonge yapita katikati, na mtu akikohoa upande mmoja humuuliza hali upande wa pili. Mgeni akiingia katika biashara hii, kazi yake ya kwanza ni kuandika majina ya watu mia anaowajua. Huandika mjomba, shangazi, mama mdogo, baba wa ubatizo, mwalimu aliyemfundisha kusoma, jirani mwenye duka. Wiki ya pili mwenziwe huingia, naye huandika majina mia. Ukiziweka karatasi mbili pamoja utaona ni majina yale yale! Wa tatu akija huta­futa watu ambao wamekwisha kuombwa mara mbili.

Mara ya kwanza shangazi hununua. Walakini hanunui ile dawa ya meno. Anamsaidia mtoto wa kaka yake. Mwezi wa pili humwambia kwamba fedha imepungua. Mwezi wa tatu akimwona anakuja njiani hujifungia ndani na kumtuma mtoto aseme mama yuko shambani. Hiyo ni hasara ambayo haiandikwi katika daftari lo lote la pointi. Hapa pwani mtu hukopeshwa nyavu kwa sababu ya undugu, hupewa mawese kwa ahadi ya kulipa soko lijalo kwa sababu ya undugu. Mgeni wa biashara ya ngazi huanza kwa kutumia akiba hiyo, na ikiisha hana nyingine.

Sisemi kwamba biashara zetu za hapa ni rahisi. Mtu mpya akitaka kuuza ndagala ataona cha moto. Atafika ufukoni alfajiri, mitumbwi ikirudi, atakuta wenye mazoea wamekwisha kupatana na wavuvi wao. Ataachiwa ndoo yenye samaki waliopondeka. Atawaanika, mvua itanyesha, wataoza. Mwezi ukiwa mpevu wavuvi hawapati kitu, maana taa haziwavuti samaki penye mbalamwezi, naye hakuweka akiba ya siku hizo. Anaweza kufunga biashara yake kabla ya miezi sita. Lakini hasara hiyo yamfunza: safari ijayo atajua siku za giza na siku za mwezi, atajua kutandika turubai, atajua mvuvi gani ni mkweli. Na mwisho wa njia, huko milimani Gitega au Ngozi, yuko mtu anayenunua ndagala kwa sababu anataka kula ndagala pamoja na ugali wake. Hanunui kwa tumaini la kumuuzia jirani haki ya kuuza ndagala.

Tena lipo jambo moja ambalo naona wenzangu hawalitazami. Wale mama wenye mazoea hawamkaribishi mgeni. Humnunia. Hawamwonyeshi mvuvi mwenye ndoo nzuri, hawamwambii bei ya Bujumbura, na akiuliza humjibu kwa mkato. Kwa nini? Kwa sababu mgeni amekuja kupunguza faida yao. Si tabia njema sana, lakini ni dalili ya kwamba faida ipo. Mvuvi aliyepata mahali penye mikeke hapigi kelele kuwaita wenziwe wa Rumonge na Nyanza-Lac waje na nyavu zao. Basi mtu akija kwako kwa tabasamu, akakulipia nauli, akakualika hotelini Bujumbura, akakupigia simu mara tatu kwa siku akikusihi uingie katika biashara yake yenye faida kubwa, hapana budi ujiulize: huyu mbona hanionei wivu? Hakuonei wivu kwa kuwa faida yake haimo katika bidhaa. Imo katika kifurushi chako cha kuanzia.

Hapo ndipo nalirudia lile sharti la kununua kila mwezi. Kampuni haijali kama ile chai ilinywewa na mgonjwa, au na mteja, au iko chini ya kitanda. Fedha yake imekwisha kuingia siku ile mgeni alipolipa. Kwa hiyo mgeni ajiitaye muuzaji ndiye mteja mwenyewe. Na bidhaa ni ghali, kwa sababu ndani ya bei yake kuna malipo ya ngazi zote zilizo juu. Sabuni ya mawese inayotengenezwa kwetu husafisha shati hili nililovaa vizuri kabisa. Sabuni ya kwenye mkoba husafisha vile vile, ila yabeba mgongoni familia ya watu watano au sita wanaongojea sehemu zao. Mgeni ashindaneje na duka la jirani?

Akiona sabuni haiuziki, hugeuka mganga. Husema ile chai hutibu sukari, vidonge hutibu vidonda vya tumbo, presha, na ugumba. Sitakaa sana hapa, kwa kuwa si kazi yangu kufundisha udaktari. Nasema tu kwamba mwenye ugonjwa wa sukari aachaye dawa za hospitali kwa ajili ya chai ya mkobani anaweza kufa, na muuzaji hatakuwapo siku hiyo.

Nimtaje kijana mmoja wa pwani hii, bila jina lake, wala la kampuni iliyomchukua, wala la shule aliyosoma. Alimaliza masomo miaka michache kabla yetu, na cheti chake ni kizuri. Ili apate kifurushi kikubwa, maana aliambiwa kikubwa hupandisha cheo upesi, mama yake aliweka rehani michikichi yake kwa mtu mwenye fedha: huyo atachuma misimu miwili, ndipo miti irudi ikiwa deni limelipwa. Kijana alifanya kazi. Nawaomba wasomaji wanisadiki kwamba alifanya kazi. Alitembea kwa miguu kijiji hata kijiji, alihudhuria semina zote, nauli na chakula juu yake. Alipata watu watatu, binamu yake na marafiki wawili. Kila mwezi alinunua ili awe hai. Walio chini yake waliponyamaza mmoja mmoja, yeye aliendelea kununua, kwa kuwa aliambiwa kwamba ajae karibu na mlango ndiye hukata tamaa. Maboksi yalijaa chini ya kitanda mpaka tarehe zake zikapita. Sasa anavuta nyavu usiku kwa mtu mwingine. Michikichi ingali ikichumwa na yule mwenye fedha. Na wale watatu, wakikutana naye baada ya Misa, huangalia upande wa ziwa.

Nilimwuliza kwa nini hakusema mapema. Akanijibu kwamba aliona ni kosa lake. Jibu hilo limenikaa moyoni kuliko hesabu zote za juu. Kwa maana mtu aliyeibiwa hupiga kelele, na kelele zake huwaokoa majirani. Mtu aliyeambiwa kwamba ameshindwa kwa uvivu hunyamaza, na kunyamaza kwake ndiko humwachia nafasi mgeni mwingine aingie. Lile neno "hukuwa na bidii" si shauri jema tu lililokosewa. Ni kifuniko cha chungu.

Wapo watakaosema kwamba hata akina mama zetu hucheza ikirimba, nayo ni fedha ya kuzungushana. Si sawa hata kidogo. Ikirimba ya watu kumi ina watu kumi. Haitaki wa kumi na moja. Kila mmoja hutoa sawa, na wa mwisho hupokea sawa na alichopokea wa kwanza, tofauti ni kungojea tu. Mtu akikosa kulipa, wote wanamjua na nyumba yake wanaijua. Katika biashara ya ngazi wa mwisho hapokei sawa na wa kwanza, wala hamjui, labda kwa picha ya gari lake.

Afrika yetu imekwisha kuona ndugu mkubwa wa jambo hili, yaani ule mchezo usio na bidhaa kabisa. Kinshasa walikuwa na Bindo Promotion, iliyoanguka mwaka 1991 na akiba za watu wengi zikaenda nayo. Kenya, kamati ya serikali iliyoongozwa na Francis Nyenze ilitoa ripoti mwaka 2009 ikahesabu watu zaidi ya 148,000 waliopoteza zaidi ya shilingi bilioni 8 katika michezo ya piramidi. Mwaka ule ule wa 2009 serikali ya Tanzania iliisimamisha DECI, ambayo viongozi wake walikuwa wachungaji, na watu walikuwa wakiita kutoa fedha "kupanda mbegu" na kupokea "kuvuna". Mwaka 2013 mahakama ya Kisutu mjini Dar es Salaam iliwatia hatiani viongozi wake. Nawatendea haki kaka zetu: kampuni zenye bidhaa si sawa na DECI mbele ya sheria, na bidhaa nyingine ni nzuri. Lakini mgeni aliye ngazi ya chini, mfuko wake hautambui tofauti ikiwa bidhaa haitoki chini ya kitanda.

Najua pia kwamba yupo mmoja au wawili kati ya wanafunzi wa zamani waliopata. Simu zao ni kubwa, na mmoja amejenga. Sisemi waliiba. Waliingia mapema, pwani ilipokuwa haijavuliwa, wakawa na watu wengi chini yao. Walakini ningependa watwambie majina ya hao waliokuwa chini yao, na wako wapi leo.

Basi naomba mambo mawili, na nayaomba kwa heshima, kwa kuwa mimi ni mdogo wao.

Kwa wenzangu wa darasa la mwisho: mkimaliza mwaka huu, msitie sahihi siku ile ile ya semina. Kuna muziki, kuna makofi, na mtu mwenye umri wetu hawezi kufikiri vizuri penye makofi. Rudini nyumbani mlale siku tatu. Mwulizeni aliyewaita awapeleke kwa wateja wake kumi ambao si ndugu zake wala hawamo katika ngazi zake, wanaonunua ile chai kwa sababu wanaipenda. Akisema biashara haifanyiki hivyo, amekwisha kuwajibu. Mwulizeni tena kama kampuni itazipokea bidhaa na kurudisha fedha mtu akitaka kutoka, na mahali palipoandikwa. Na shamba la mama lisiguswe. Mtu akitaka kujaribu, ajaribu kwa fedha aliyoipata kwa mikono yake, ambayo ikipotea yeye peke yake atalala njaa.

Kwa kaka zetu: tunapenda mje. Shule bila wanafunzi wake wa zamani ni kama nyumba bila wajomba. Mjapo, mtwambie mambo ya kweli ya maisha baada ya shule, hata yakiwa machungu: jinsi mtu anavyotafuta kazi miaka miwili, jinsi ya kuanza na bidoni moja ya mawese, kodi ni kiasi gani, nani hukopesha kwa riba gani. Haya hatufundishwi darasani. Lakini wale wajao na mkoba, tafadhali waje pia na daftari. Liwe na kurasa mbili. Upande mmoja yaandikwe yote waliyopokea tangu siku ya kwanza, na upande wa pili yote waliyotoa: kifurushi, manunuzi ya kila mwezi, nauli za Bujumbura, ada za semina, vocha za simu, na suti. Tumekwisha kuzungumza na viranja, nao wamekubali kwamba yeyote atakayekuja na daftari hilo muhula ujao atapewa bwalo na saa nzima, na sisi tutaleta penseli.